Muuza magari aliyerudi kwenye barafu

Februari 16, 2002, katika ukumbi wa barafu wa Kearns, nje kidogo ya Salt Lake City nchini Marekani, Gerard van Velde alimaliza mita 1,000 kwa dakika 1 na sekunde 7.18. Alikuwa na umri wa miaka 30. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki na kuweka rekodi ya dunia kwa mpigo, huku Mholanzi mwenzake, Jan Bos, akishika nafasi ya pili. Miaka michache kabla ya hapo, Van Velde alikuwa ameshatundika viatu na kwenda kuuza magari.

Waholanzi wanaupenda mchezo wa kuteleza kwenye barafu kupita kiasi, lakini mapenzi yao yalikuwa kwa masafa marefu. Mashujaa wao walikuwa watu wa mita 5,000 na 10,000. Juu ya hao wote ipo Elfstedentocht, safari ya karibu kilomita 200 juu ya mifereji na maziwa ya Friesland, ambayo hufanyika tu maji yakiganda vya kutosha. Mara ya mwisho ilikuwa 1997. Mtu wa mbio fupi alikuwa mtoto wa kambo katika nyumba hiyo.

Na mbio fupi hazina huruma. Wachezaji hutoka wawili wawili, kila mmoja kwenye njia yake, na mshindi huamuliwa na saa. Katika Olimpiki ya Albertville mwaka 1992, Van Velde alimaliza mita 1,000 kwa dakika 1 na sekunde 14.93. Aliyepata shaba alitumia dakika 1 na sekunde 14.92. Tofauti kati ya mshindi na yeye wa nne haikufika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde, naye akarudi nyumbani mikono mitupu.

Kisha kikaja kiatu kipya. Kiatu cha zamani kilikuwa kimekazwa kwenye chuma chake mbele na nyuma, hivyo mchezaji alijifunza kusukuma bila kunyoosha kifundo cha mguu, maana ncha ya chuma ingechimba barafu na kumpunguzia kasi. Kiatu kipya, kilichotokana na utafiti wa wanasayansi wa Vrije Universiteit jijini Amsterdam, kina bawaba chini ya vidole. Kisigino kinainuka, chuma kinabaki kimelala juu ya barafu, msukumo unarefuka, kisha springi inakirudisha chuma mahali pake kwa mlio wa kugonga. Kufikia Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, asiyekimudu hakuwa na lake. Van Velde, aliyejenga mwili na mbinu zake zote juu ya kiatu cha zamani, alishindwa kukizoea na hata kufuzu hakufuzu. Ndipo alipoacha.

Lakini baadaye alirudi, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Kurudi kwake kulimaanisha kujifunza upya, akikaribia miaka 30, kitu ambacho mwili wake ulikuwa ukikifanya tangu utotoni. Alifika Salt Lake, akaanza na mita 500, na akawa wa nne tena. Safari hii shaba ilimponyoka kwa sehemu mbili za mia za sekunde. Wengi wangevunjika moyo. Siku chache baadaye alikimbia ile mita 1,000 kwa wastani wa zaidi ya kilomita 53 kwa saa. Hewa nyepesi ya Kearns, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ilimsaidia, lakini iliwasaidia wote. Rekodi yake ilidumu hadi Novemba 2005, ilipovunjwa na Mmarekani Shani Davis.

Baadaye alikuwa kocha, na mbio fupi za Uholanzi zikapata mwalimu aliyeonja pande zote mbili, kushindwa na kushinda. Miongoni mwa vijana wake walikuwa mapacha Michel na Ronald Mulder. Huko Sochi mwaka 2014, Waholanzi walizoa medali zote tatu za mita 500: Michel dhahabu, Jan Smeekens fedha, Ronald shaba. Michel alimpita Smeekens kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, baada ya mbio mbili kujumlishwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mholanzi kushinda dhahabu ya Olimpiki katika masafa hayo.