Mti wa Kununua, Mchezo wa Nani?

Mpwa wangu alitumia takriban miaka miwili kuunda mchezo wa kompyuta kuhusu mvuvi anayetafuta njia ya kurudi nyumbani usiku. Alipowaonyesha wenzake, mmoja alisema mti ulio ufuoni amekwisha kuuona katika mchezo mwingine. Wa pili akautambua mlango. Hukumu ikatolewa papo hapo: kazi hii si yako. Nami, nakiri kwa aibu, niliiunga mkono hukumu hiyo kabla ya kuucheza mchezo wenyewe.

Mti ule ulinunuliwa, tena kwa njia ya halali. Tangu mwaka 2010 kampuni ya Unity, ambayo programu yake hutumiwa na wengi kuundia michezo, imekuwa na soko kwenye intaneti. Humo fundi mmoja huuza miti, nyumba, vishindo vya nyayo, hata mwendo wa mtu anayepanda ngazi, na fundi mwingine hununua akavitia katika kazi yake. Kwa kijana asiye na mchoraji wala mwanamuziki wa kumlipa, soko hilo ndilo karakana. Seremala naye hafui bawaba zake mwenyewe, wala sijasikia mteja akimwita mwizi kwa sababu hiyo.

Sikatai kwamba walaghai wapo. Mnamo Septemba 2017 kampuni ya Valve, inayomiliki duka la Steam, iliondoa michezo 173 ya kampuni moja tu, kampuni ambayo ilikuwa ikimwaga sokoni kazi zilizofanana kama shilingi kwa ya pili. Kilichokosekana katika kazi za aina hiyo si mti mpya, bali ni mtu aliyeketi akafikiri. Bahati mbaya ni kwamba wachezaji wengi wamezoea kuukagua mti na kuisahau fikra. Hata PUBG, mchezo ulioanza kuuzwa mwaka 2017 na kuchezwa na mamilioni ya watu, ulitupiwa lawama iyo hiyo, na mwaka uliofuata ukalazimika kutetewa hadharani kwa sababu ya vitu vyake vya kununuliwa.

Mfano unaonivutia zaidi ni Getting Over It, mchezo alioutoa Bennett Foddy mwaka huo huo wa 2017. Mtu aliyekwama ndani ya chungu anakwea mlima kwa nyundo, na mlima wenyewe ni rundo la vitu vya kila namna vilivyotengenezwa na wengine. Foddy hafichi jambo hilo. Sauti yake inasikika mchezoni akilizungumzia. Ukiteleza mara moja waweza kurudi hadi ulikoanzia. Aliyeanguka hivyo hana muda wa kuuliza kiti alichojigonga kilichongwa na nani.

Labda ni taaluma yangu ya isimu inayonifanya nisishangae. Sentensi hii unayoisoma haina neno hata moja nililolibuni mimi. Maneno nimeyakuta, sarufi nimeikuta, na neno lenyewe "asili", tunalolitumia kuwasutia wengine, tulilikopa kwa Waarabu! Washairi wetu wa Kiswahili walilijua hili zamani. Katika takhmisa, mtunzi huzichukua beti za mwenzake akaziongezea mishororo yake mpaka kila ubeti ufikie mishororo mitano. Mishororo ya kukopa hubaki wazi machoni pa kila msomaji, na hapo ndipo ustadi wa mwongezaji hupimwa: je, ameiunganisha, au ameibandika tu?

Ndivyo ningalipaswa kuupima mchezo wa mpwa wangu. Nilipoucheza hatimaye, niliona kwamba mlango ule wa kununua ameuweka mahali ambapo mvuvi anaisikia sauti ya mkewe ndani, ilhali hawezi kuufungua. Nilikaa mbele yake kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Nilimpigia simu kumwomba radhi. "Mjomba, umechelewa," akanijibu kwa upole. Alikuwa amekwisha kuuondoa mlango huo na kujichongea mwingine, kazi iliyomchukua majuma saba. Mlango mpya ni mzuri. Safari ya mvuvi, hata hivyo, imekatika katikati ya bahari, kwa kuwa sehemu ya mwisho hakupata wakati wa kuiandika.