Gari Kuukuu Likianza Kugonga Kutulo, Usiilaumu Petroli Kwanza

Hebu tuseme, mpenzi msomaji, likizo imefika na rafiki yako wa chuoni amekualika kwao Mandera. Ami yake anawachukua kwa Peugeot 504, gari la ukoo ule uliotwaa Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Mnapita Thika, Mwingi, Garissa, Habaswein hadi Wajir bila matata. Lakini mkiisha kuipita Tarbaj, mchangani, huku Kutulo bado iko mbele, injini inaanza: ka-ka-ka-ka! Kama mtu anayetikisa kokoto ndani ya mkebe wa Kimbo. Ami anakanyaga mafuta zaidi, nayo kelele inazidi.

Kila mtu garini ana jibu moja: "Petroli ya huku imechanganywa!"

Huenda ni kweli. Lakini usiwe na haraka, kwa sababu gari hilo lingeweza kugonga hata kama tangi limejazwa petroli safi kabisa.

Ni nini hasa kinachogonga? Si chuma kinachopiga chuma, kama wengi wanavyodhani. Ndani ya silinda, pistoni hubana mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi hutoa cheche. Moto unapaswa kuanzia kwenye plagi na kuenea kwa mpangilio, kama nyasi kavu zinavyoungua kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine. Sasa, ikiwa joto na mbano vimezidi, ile sehemu ya mwisho ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe kwa mpigo. Mlipuko huo ndio unaogonga kuta za silinda. Ukiachwa uendelee, hutoboa kichwa cha pistoni au huchoma gasketi ya hedi. Mafundi wa Nairobi wakisema injini "inanoki", bado kuna matumaini. Wakisema "imenoki", andaa pesa.

Okteni, neno unaloliona kwenye vituo vya petroli, ni kipimo cha uwezo wa petroli kuvumilia mbano huo bila kujilipukia. Si kipimo cha nguvu, kwa hivyo usidanganywe kwamba okteni ya juu italifanya gari lako paa.

Basi kwa nini gari halikugonga Nairobi? Hapa ndipo wengi hupotea. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni hafifu. Wajir iko mita 240 hivi tu. Shinikizo la hewa huko chini ni kubwa kuliko la Nairobi kwa karibu moja kwa tano, hivyo kila pistoni hubana hewa nyingi zaidi. Ongeza jua la kaskazini mashariki, mchanga unaoikokotesha injini, na rejeta ambayo haijasafishwa tangu harusi ya ami. Fundi wa Nairobi naye aliisogeza taimingi mbele ili gari liwe jepesi. Huko mjini hilo lilifaa, lakini Kutulo cheche hiyo inakuja mapema mno.

Magari ya siku hizi yana kifaa kinachosikia mgongo huo na kuichelewesha cheche chenyewe. Gari la ami halina. Sikio la dereva ndilo kifaa.

Sasa tuje kwa petroli. Uchanganyaji upo, tusidanganyane. Mafuta taa yalikuwa rahisi kuliko petroli na dizeli, na wafanyabiashara walafi waliyatumia kuongezea. Yana okteni ya chini mno, kwa hivyo hata kiasi kidogo hugongesha injini. Mwaka 2018 serikali ilitoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuukata mchezo huo. Mama wa mtaani anayepikia stovu ndiye aliyelipia dhambi ya mwenye lori.

Ukiwa na shaka, dondosha petroli kidogo kwenye karatasi nyeupe, mbali kabisa na moto. Petroli safi hukauka upesi. Iliyotiwa mafuta taa huacha doa la mafuta linalokawia.

Lakini petroli ya pipa au mtungi ina hila nyingine ambayo si wizi wa mtu. Vumbi, kutu na maji huingia, kisha huziba vijitundu vya kabureta. Injini hupata hewa nyingi na petroli kidogo, huchemka, hugonga. Kwa hivyo ukinunua kando ya barabara, mwulize muuzaji kwa adabu. Akiwa mama wa makamo mwite "eeddo", yaani shangazi kwa Kisomali: "Eeddo, petroli hii imekaa siku ngapi?" Kisha ichuje kabla ya kuitia tangini. Iliyokaa siku nyingi pipani hupoteza sehemu yake nyepesi, na gari huwa gumu kuwaka asubuhi.

Kuna wazee wanaoapa kwamba shida ilianza risasi ilipoondolewa kwenye petroli. Ni kweli risasi ilitiwa kuzuia kugonga: Thomas Midgley aliigundua dawa hiyo Marekani mwaka 1921, nayo ikawa sumu kwa ubongo wa watoto. Kenya iliachana nayo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Lakini viwanda hupandisha okteni kwa njia nyingine sasa. Gari la zamani lisilo na risasi linaweza kula viti vya vali, na huo ni ugonjwa mwingine.

Ami afanye nini, basi? Kwanza apunguze kukanyaga mafuta na arudi gia ya chini, ili injini izunguke bila kukazwa. Akifika Kutulo, aiache ipoe kabla ya kufungua rejeta. Fundi alegeze distribyuta na kuirudisha taimingi nyuma kidogo tu. Akizidisha, injini itachemka na kukosa nguvu. Haya yafanywe mchana. Njia hiyo si ya kukwama usiku. Desemba 2015 basi lilishambuliwa karibu na Elwak, mbele ya Kutulo.

Na mkirudi mjini, taimingi irudishwe ilivyokuwa. La sivyo, mlima wa kutoka Garissa kwenda Mwingi mtaupanda kwa gia ya pili, matatu zikiwapigia honi nyuma.