Je, Wajua Winga Hupimwa kwa Mizani Gani?

Je, wajua kwamba winga, yule mchezaji wa pembeni ambaye watazamaji humshangilia kwa chenga na mbio zake, katika dakika 90 za mchezo huwa na mpira mguuni kwa dakika chache tu, na kwamba dakika nyingine zote, ambazo aghalabu hakuna anayezitazama, ndizo zenye ushahidi mwingi zaidi juu ya kadiri ya ufundi wake? Madhali jicho la binadamu hufuata mpira kuliko linavyofuata watu, si ajabu kwamba katika uwanja wa Kamango, sawasawa na katika viwanja vya Beni na Butembo, kijana aliyempita beki mara mbili Jumapili moja huitwa hodari, na Jumapili ya pili, akipokonywa mpira mara mbili, huambiwa amekwisha, ilhali miguu ni ile ile na maarifa ni yale yale.

Kazi ya winga ni ya tangu zamani. Katika mpango wa kale wa washambuliaji watano, wawili kati yao walisimama karibu na mistari ya pembeni, mmoja kulia na mmoja kushoto, ili mabeki wa upande wa pili walazimike kutawanyika na kuacha nafasi katikati. Kwa kazi hiyo Stanley Matthews wa Uingereza alipata heshima ya kuwa mtu wa kwanza kutunukiwa Ballon d'Or, mwaka 1956, akiwa amekwisha timiza miaka 41. Na miaka kumi baadaye nchi yake hiyo hiyo ikatwaa Kombe la Dunia kwa kikosi ambacho kocha Alf Ramsey alikipanga bila ya mawinga halisi, hata wengi wakadhani kwamba wadhifa huo umekufa. Walakini haukufa, bali uligeuka: siku hizi mwenye mguu wa kushoto mara nyingi hupangwa kulia, na mwenye wa kulia hupangwa kushoto, ili akikata kuingia ndani mguu wake wenye nguvu uwe tayari kupiga golini.

Tumtazame sasa kwa karibu, anapokabiliana na beki. Beki mwenye akili harukii mpira, bali hurudi nyuma hatua kwa hatua, na katika kurudi huko kila mara uzito wa mwili wake huwa juu ya mguu mmoja. Winga aliyefundishika husubiri hapo hapo, akiugusa mpira kidogo kidogo, mpaka uzito huo uangukie mguu fulani, ndipo ausukume mpira upande wa mguu huo huo, kwa kuwa mguu uliobeba mwili hauwezi kuinuliwa kugeuka mpaka kwanza utuliwe mzigo wake. Katika nukta hiyo ya muda winga hupata hatua moja, na hatua moja yatosha. Dhahiri basi kwamba mbio ndefu za mita mia si kipimo chake. Kipimo ni mita kumi za mwanzo, pamoja na uwezo wa kufunga breki ghafula na kuondoka tena.

Mbio fupi za namna hiyo huendeshwa na akiba ya kemikali iliyo ndani ya misuli, iitwayo kreatini fosfeti, ambayo hutumika kwa sekunde chache tu na kisha huhitaji kujazwa upya: nusu yake hurejea katika muda wa nusu dakika hivi, na iliyobaki hufuata katika dakika chache zinazokuja. Kwa hiyo kocha asiulize mbio za kwanza zilikuwa na kasi gani, bali aulize mbio za kumi zilikuwaje, zilipokuja mara tu baada ya za tisa. Tena aangalie hali ya hewa, kwani Kamango iko katika bonde la Semliki, chini ya milima ya Ruwenzori, ambako joto huudhoofisha mwili upesi. Na kijana aliyezoea baridi ya Butembo, akiteremka kucheza huku na kuchoka kabla ya mapumziko, si insafu kumhukumu kuwa mvivu.

Adui mkubwa wa winga ni msuli wa nyuma ya paja, ambao katika soka huumia kuliko misuli mingine yote, na huumia hasa mtu akimbiapo kwa kasi kuu, pale mguu unaponyooka mbele kabla ya kugusa ardhi, msuli ukiwa unavutwa na papo hapo unajizuia. Dawa ya kinga haihitaji chombo wala fedha: kijana hupiga magoti, mwenzake humshika vifundo vya miguu kwa nyuma, naye hujiteremsha mbele polepole akiwa amenyooka kuanzia magotini hadi kichwani, akijizuia kwa msuli huo mpaka mikono ipokee ardhi. Zoezi hili, lijulikanalo kwa jina la Nordiki, limeonekana katika tafiti kupunguza majeraha hayo kwa takriban nusu, na laweza kufanywa Kamango kama lifanywavyo Madrid.

Baada ya mwili, tuje kwenye hukumu, ambako makosa ni mengi. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: hali ya mchezaji kwa sasa, na ukuaji wake. Hali hubadilika kwa wiki, ukuaji huonekana kwa miaka. Tuseme winga hupiga krosi sita kila mchezo, zote za namna moja. Leo moja inakutana na kichwa cha mwenzake na kuwa bao, na michezo mitatu ifuatayo hakuna hata moja. Aliyebadilika si yeye, ni bahati tu, maana katika hesabu ndogo bahati hutawala, na mwenye kupanda sana kwa bahati hurudi kwenye wastani wake bila ya mtu kumroga. Ndiyo sababu yafaa kuhesabu yale yaliyo mikononi mwake mwenyewe: je, krosi yake humpita beki wa kwanza? Je, hujaribu kumpita mtu hata baada ya kushindwa mara mbili? Je, mpira ukipotea hurudi kumsaidia beki wa upande wake?

Hata huko Australia, ambako huchezwa kandanda yao ya mpira wa yai katika uwanja wa duara dufu, watu 18 kila upande na bila ya sheria ya kuotea, winga hupimwa kwa njia iyo hiyo: vifaa vivaliwavyo mgongoni huhesabu masafa aliyokimbia, na wapimaji hutazama kama alikuwa amekwisha fika mahali pa kupokea kabla mpira haujatoka katika msongamano.

Ama ukuaji, nao una siri yake. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kuu wakiwa na umri wa miaka 14 hivi, pengine sentimita 8 hadi 10 kwa mwaka, na katika muda huo mfupa huutangulia msuli, magoti na visigino huuma, na mtoto aliyekuwa mwepesi huanza kujikwaa; si kwamba kipaji kimemtoka, bali mwili wake ni mgeni kwake. Mwenzake aliyebalehe mapema huwapita wote kwa ukubwa tu, akasifiwa kwa ufundi asioupata bado. Afukuzaye mtoto wa miaka 14 kwa kuwa mdogo wa umbo hajui amfukuzaye.

Zaidi ya umri wa kuzaliwa kuna umri wa mazoezi. Mwezi wa Julai 2013 waasi wa ADF walipoivamia Kamango, makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwenda Bundibugyo, Uganda, na watoto waliokimbia siku zile waliacha shule na mpira pia; kijana wa namna hiyo, akipimwa na wa rika lake aliyefunzwa bila ya kukatizwa, lazima aongezewe miaka iliyopotea. Tazama mfano wa mkimbizi mmoja: Aliir Aliir, Msudani Kusini aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, alikwenda Australia akiwa mtoto na kuanza kandanda ya huko katika ujana wake. Alichaguliwa na klabu ya Sydney mwaka 2013, akangoja hadi 2016 kucheza mchezo wake wa kwanza, na mwaka 2021 akatajwa katika kikosi bora cha nchi nzima, akiwa beki.

Kongo nayo ina mawinga wa mfano huo. Meschak Elia, akiwa na miaka 18, alifunga mabao mawili Kigali katika fainali ya CHAN ya Februari 2016, Chui, timu yetu ya taifa, walipoilaza Mali 3–0, akatangazwa mchezaji bora wa mashindano. Hata hivyo ilipita miaka minne kabla hajaanza kuichezea Young Boys ya Uswisi. Yannick Bolasie alipitia Malta na madaraja ya chini ya Uingereza kabla ya kung'ara Crystal Palace, akaisaidia Kongo kushika nafasi ya tatu Afrika mwaka 2015. Kano ya goti lake ilipochanika Desemba 2016, alikaa nje mwaka mzima.

Basi, enyi makocha na wazazi wa Kamango, nunueni daftari. Andikeni humo, kwa kila kijana, michezo kumi na si mmoja: krosi zilizompita beki wa kwanza, majaribio ya chenga, marejeo ya kulinda, na mbio za dakika 15 za mwisho; na kila baada ya miezi mitatu pimeni urefu wake ukutani. Daftari hilo litamhukumu winga kwa haki kuliko kelele za Jumapili.