Nambari Haina Masikio

Kila ninapomtaja mwanamuziki mpya asiye na lebo, awe wa hapa Kangari, Murang'a, wa Othaya au wa Karatina, swali ninalorudishiwa ni lile lile: "Ana watazamaji wangapi?" Hakuna anayeuliza anaimba nini. Hakuna anayeuliza kama gitaa analipiga mwenyewe. Vijana wananiuliza hivyo, wazee waliokuwa wakinunua santuri za mwanamuziki Joseph Kamaru wananiuliza hivyo, na wenye baa ndio wamezidi, maana hawampi mtu usiku wa Ijumaa kabla hawajaitazama nambari yake kwenye YouTube. Kazi yangu ni kurekodi na kuchanganya sauti. Swali hili limenichosha, na leo nalijibu kwa mara ya mwisho.

Nambari ile haisemi mnachodhani inasema. YouTube wenyewe waliacha kuitegemea zamani. Wanaokumbuka miaka ya nyuma watakumbuka video zilizokwama kwenye watazamaji 301 kwa saa nzima, wakati mwingine kutwa. Haikuwa hitilafu. Mashine zilikuwa zikisimamisha hesabu hapo ili zikague kama waliotazama ni watu au ni programu za kompyuta, na utaratibu huo ulidumu hadi Agosti 2015. Kabla ya hapo, mwaka 2012, walikuwa wameshaacha kupendekeza video kwa kuangalia imebofywa mara ngapi, wakaanza kupima muda ambao mtu anakaa akitazama. Walikuwa wamegundua kwamba picha ya kuvutia na kichwa cha uongo vinatosha kumfanya mtu abofye. Julai 2025 wakatangaza kwamba ule ukurasa wa video zinazovuma nao unaondolewa. Mwenye duka ameacha kuiamini mizani yake mwenyewe, nanyi bado mnaiapia.

Mkitaka ushahidi zaidi, upo India. Julai 2019 rapa Badshah alitoa wimbo uitwao "Paagal", ukapata watazamaji milioni 75 kwa saa 24. Ilikuwa rekodi ya dunia, au ingekuwa. Ikajulikana kwamba upande wake ulikuwa umenunua matangazo ya Google, na waliokutana na video ile kama tangazo wakahesabiwa watazamaji. Hakuvunja sheria yoyote. Lakini YouTube hawakuitambua rekodi, na Septemba ya mwaka huo wakatangaza kwamba watazamaji wa matangazo ya kulipia hawataingizwa tena katika chati na rekodi zao za muziki. Sasa sikilizeni vizuri: katika ile nambari iliyo chini ya video, ile mnayoniuliza kila siku, watazamaji wa matangazo bado wamo. Humo ndani kuna aliyeupenda wimbo akaurudia mara kumi, kuna aliyekuwa akisubiri tangazo limalizike, na kuna aliyelala simu ikiwa inaendelea kucheza kifuani. Wote ni watazamaji.

Hao ndio waliohesabiwa. Wasiohesabiwa ni wengi zaidi, na hapa kwetu ndiko wanakoishi. Simameni stendi ya Kangari asubuhi. Nyimbo zinazolia kwenye matatu zimetoka kwenye flashi, na flashi ilijazwa kwenye kibanda cha simu na kijana mwenye kompyuta kwa shilingi chache. Anayechuma chai ana redio ndogo yenye memori kadi kiunoni, na hana haja ya bando. Wimbo unaweza kuchezwa kutwa kucha kati ya Kangari na Kenol bila kuongeza hata mtazamaji mmoja. Kisha kuna madijei wanaounga nyimbo ishirini katika mkanda mmoja wa saa nzima. Huo mkanda ukipendwa, hesabu yote inaingia kwenye chaneli ya dijei, na mwenye wimbo wa kumi na nne hata jina lake halikuandikwa. Wakati huohuo ndugu yetu aliye Lowell, Massachusetts, mwenye intaneti isiyokatika, anaiacha chaneli ikicheza tangu alipotoka kazini hadi anapolala. Simlaumu, tena matangazo anayoonyeshwa yeye yanalipa kuliko ya huku. Ila tujue tunachopima hapo ni nani ana intaneti ya kutosha.

Na penye ugonjwa hapakosi mganga. Kuna watu kwenye Telegram na WhatsApp wanaouza watazamaji kwa maelfu. Mwanamuziki mchanga huja studio, tukarekodi, akaenda zake akiwa na furaha, kisha baada ya majuma mawili ananipigia simu kwa sauti ya chini: je, anunue kidogo tu, ili mambo yaanze? Anataka tu wenye baa wamwone. Mmemfikisha huko ninyi wenyewe, kwa swali lenu.

Jibu langu huwa hili. Watazamaji wa kununuliwa ni programu zinazofungua video na kuifunga, au simu zilizopangwa rafuni mahali fulani zikibofya usiku na mchana. Mfumo unaopima muda wa kutazama unaona umati umeingia na kutoka bila kukaa, na hiyo ndiyo sifa mbaya kuliko zote unayoweza kuupa wimbo mpya. Ili chaneli ya video za kawaida ilipwe kwa matangazo inahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Saa za uongo zikigunduliwa zinafutwa, na chaneli inaweza kufungwa kabisa pamoja na nyimbo zote zilizomo. Spotify, walioingia Kenya mwaka 2021, tangu 2024 hawalipi chochote kwa wimbo ambao haujachezwa mara 1,000 katika mwaka, na wakikuta uchezaji wa bandia uliokithiri wanamtoza faini msambazaji, naye msambazaji anajua pa kuipeleka. Kwa wanaodhani huu ni mchezo usio na kesi: Septemba 2024 waendesha mashtaka wa New York walimshtaki mtu wa North Carolina kwa kuzichezesha nyimbo zilizotungwa kwa akili unde kupitia akaunti za bandia na kuvuna zaidi ya dola milioni 10 za mirabaha.

Msikilizaji anaweza kuutambua uganga huu bila mtaalamu. Soma maoni chini ya video. Wimbo wa Kikuyu uliosikilizwa na watu kweli una salamu kutoka Ol Kalou na Qatar, una mtu anayemkumbuka mamake, na una ugomvi kuhusu ni nani hasa anayesemwa katika ubeti wa pili. Ukikuta watazamaji laki tatu na maoni kumi na moja, yote ni vikopa na "wimbo mzuri", ondoka.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, maana nyimbo mpya zipo. Tatizo ni kwamba zimefichwa mahali msipotazama. Tangu miaka ya 1990, akina Mike Rua na Salim Junior walipouimarisha mugithi, muziki wetu wa baa, wa mtu mmoja na gitaa lake, baa haihitaji tena bendi ya watu saba. Ngoma inatoka kwenye kinanda, gitaa na sauti vinatoka kwa mtu mmoja, na mwenye baa analipa mmoja. Lakini analipia za zamani. Wateja wanamtaka Kamaru, wanamtaka Daniel Kamau, wanamtaka John De'Mathew aliyefariki Agosti 2019, na kijana aliye mbele yao anajua akikosea kuwapa hao hataitwa tena. Basi anaimba za watu miaka minne, mitano. Zake mwenyewe anazipenyeza.

Anazipenyeza lini? Kwa kawaida ni nyakati mbili. Ya kwanza ni mapema, wakati bado anapima mikrofoni na watu hawajafika. Ya pili ni baada ya saa sita usiku, wakati mwenye baa yuko ndani anahesabu pesa. Utaujua wimbo wake kwa dalili hizi: ngoma ya kinanda inabadilika au inanyamaza, kwa sababu hajatengeneza iliyo tayari, gitaa linaacha ile njia iliyozoeleka ambayo vidole vinaijua hata usingizini, na macho ya mwimbaji yanashuka kwenye nyuzi, kwa sababu sasa kuna kitu anachoweza kukosea. Wachezaji wanapunguza mwendo, wengine wanarudi vitini, wengine wanaona huo ndio wakati wa kwenda msalani. Hao wa msalani ndio wanaoniuliza Jumatatu kwa nini siku hizi hakuna nyimbo mpya.

Wala msiniambie kwamba kujitegemea ni mambo ya nje. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939, huku huku Murang'a, aliendesha lebo na duka lake mwenyewe jijini Nairobi, na santuri zake zilinunuliwa na watu waliokuwa wamezisikia. Mjukuu wake, anayejulikana kama KMRU, anatengeneza muziki usio na ngoma wala maneno, sauti tupu zinazotanda polepole. Albamu yake "Peel" ilitolewa mwaka 2020 na lebo ya Editions Mego, na yeye ndiye amekuwa akizirudisha nyimbo za babu yake hadharani kupitia Bandcamp, duka la muziki mtandaoni. Hakuna orodha ya zinazovuma ambayo ingekufikisha kwa mtu huyo. Ungefika kwa kumfuata babu.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ninayowapa: fuateni watu, hasa wapiga gitaa la solo na maprodyuza. Mpiga solo mmoja mzuri anasikika katika nyimbo za waimbaji wengi, na mara nyingi jina lake limeandikwa katika maelezo chini ya video, pale ambapo hamsomi. Mkipata jina, tafuteni alikopiga kwingine.

Ya pili, mkitafuta YouTube, andikeni mugithi na jina la mji wenu, kisha chujeni video za juma hili. Nyingi zitakuwa mbaya. Nusu dakika inatosha kujua, na baada ya muda masikio yanakuwa mepesi.

Ya tatu ni Bandcamp: nunueni huko mkiweza, kwa sababu wao wanachukua asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo za kidijitali na sehemu kubwa ya inayobaki inamfikia mwenye kazi. Wenye masikio magumu kidogo waanze na Duma, wanamuziki wawili wa metali wa Nairobi ambao albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni makelele ya heshima. Wanaotaka kujua mizizi watafute kazi ya Ketebul Music ya mwaka 2010 kuhusu historia ya muziki wa Kikuyu. Ukimpigia mtu simu ukasikia wimbo wa Skiza usioujua, muulize ni wa nani. Msipuuze makanisa pia. Wapiga gitaa wengi ninaowarekodi walijifunzia huko, na wengine bado wanapiga huko asubuhi baada ya kutoka baa usiku, jambo ambalo sitalizungumzia zaidi.

Na redio. Huko Australia redio ya umma ya vijana, triple j, ilianzisha mwaka 1995 mpango uitwao Unearthed wa kusaka bendi zisizojulikana. Siku hizi mwanamuziki yeyote wa huko anapandisha wimbo wake, na watangazaji wanausikiliza. Mwaka 2001 dada wa mwimbaji Missy Higgins aliupeleka wimbo wa Missy, naye Missy alikuwa bado yuko sekondari. Ukachezwa, na leo anajulikana nchi nzima. Hawakumuuliza ana watazamaji wangapi, na YouTube ilikuwa haijazaliwa. Sisi tumekuwa na redio za Kikuyu kwenye FM tangu Kameme ilipoanza mwaka 2000. Watangazaji wapo, wasikilizaji wanaopiga simu wapo. Saa moja kwa juma, nyimbo ambazo hazijawahi kuchezwa hewani, mtangazaji azisikilize zote mwenyewe kabla: ninawaomba wakuu wa vipindi walifikirie hilo, na faili nitawaletea mimi.

Wengine wote, fikeni baa mapema. Akipanda mtu msiyemjua, mwombeni wimbo wake mwenyewe, si wa Kamaru. Akiupiga, mtuzeni papo hapo kwa M-Pesa, na mumuulize wimbo huo unaitwaje, ili Ijumaa ijayo muuombe kwa jina.