Visu vya Wavulana wa Zamani

Wako watu wakusanyao stempu, na wako wakusanyao sarafu. Huko Marekani na Uingereza wako pia watafutao visu vya kukunja vya zamani, vilivyotengenezwa kwa ajili ya wavulana.

Kilichopata sifa sana ni kile kiitwacho Barlow. Asili yake ni mji wa Sheffield, Uingereza. Mpini wake ni wa mfupa, na upande mmoja umevikwa kipande kirefu cha chuma ili usivunjike upesi. Bei yake ilikuwa ndogo. Katika kitabu cha Mark Twain cha mwaka 1876, kijana Tom Sawyer apewa kimoja cha senti 12 na nusu kwa kujifunza aya za Biblia. Hakikati kitu, lakini afurahi mno!

Mnunuzi mwenye busara hutazama mambo matatu. Kwanza, jina la mtengenezaji lililogongwa penye shina la bapa, maana wadanganyifu wapo. Pili, bapa lisiwe limelika kwa kunolewa. Tatu, springi iwe na nguvu. Wala hasugui kisu kwa msasa, maana huharibu thamani yake. Wala hakiweki siku nyingi katika ala ya ngozi, maana ngozi huleta kutu.

Basi, kisu kiuzwacho ghali ndicho ambacho mvulana hakukitumia. Kama babu amekuachia kilicholika, usikitupe. Kipake mafuta kidogo, ukitunze: kilimfanyia kazi.