Mkuku wa Kuku

Mama lishe anayenunua kuku wa mayai waliokwisha kutaga huwatambua kwa mambo mawili: nyama inayokataa kuiva, na kidari kilichopinda. Kisu kinapita vizuri kwenye nyama ya kifua, halafu kinagonga kinundu kigumu katikati ya mfupa. Wengi hudhani kuku yule alianguliwa na kilema. Mimi ni daktari wa mifugo, na nikiona kinundu hicho najua kuku alivunjika mfupa akiwa hai, ukaunga vibaya, naye akaendelea kutaga.

Mfupa huo wa kidari ni ule ubapa unaoshuka katikati ya kifua na kubeba misuli ya mabawa. Mabaharia wa pwani wana mti wa namna hiyo chini ya jahazi, wanauita mkuku, nami tangu nilisikie jina hilo sijaona haja ya kutafuta jingine. Kwa kuku watagao, mkuku ndio mfupa unaovunjika kuliko yote, hasa kwenye ncha iliyoelekea mkiani.

Chanzo ni kaka la yai. Kaka moja lina kalsiamu ya gramu 2 na ushei, wakati mifupa yote ya kuku ina gramu 20 hivi. Anayetaga mayai 300 kwa mwaka basi anatoa kalsiamu ya kujaza mifupa yake yote mara 30. Nyingi huipata kwenye chakula, ila saa za kula na saa za kujenga kaka hazilingani. Kaka hujengwa kwa saa zipatazo 20, na sehemu kubwa ya kazi huangukia usiku, kuku akiwa juu ya fito amelala na tumboni kumebaki kidogo. Kinachopungua anakikopa mifupani.

Mahali pa kukopa alikwisha kupewa. Wiki mbili hivi kabla ya yai la kwanza, homoni ya estrojeni humfanya tembe ajenge mfupa wa aina nyingine ndani ya uboho, hasa miguuni, mfupa laini unaoyeyushwa na kujengwa tena kwa haraka. Hilo ndilo ghala lake. Tatizo ni kwamba tangu siku hiyo seli zinazojenga mifupa zinashughulikia ghala tu, na mfupa mgumu wa kubeba mwili ukimegwa hakuna anayeurudishia. Juu ya hayo, mkuku huchelewa kukomaa. Kuku huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, wakati ncha ya mkuku ingali gegedu, na huweza kufika wiki ya 35 au zaidi kabla haijawa mfupa kamili.

Kuku-mwitu mwekundu wa Asia, aliye asili ya kuku wote tunaowafuga, hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mwaka. Kuku wetu wa kienyeji hutaga kiasi hicho kwa mkupuo mmoja, kisha anaatamia siku 21 na kulea vifaranga kwa majuma kadhaa. Mfugaji mwenye haraka ya kujaza trei huona huo ni uvivu, akamchovya kuku kwenye ndoo ya maji ili aache kuatamia. Hukereka nikiona hivyo. Kuku akiacha kutaga, estrojeni hushuka na zile seli zinarudi kujenga mfupa mgumu. Ndiyo likizo pekee ambayo mifupa yake inaipata. Kuku wa kisasa amechaguliwa kizazi hadi kizazi kwa wingi wa mayai, na hamu ya kuatamia karibu imemwisha. Yeye hana likizo.

Hapo ndipo nasikia ushauri uleule: mtoe kwenye kizimba, mwache atembee, mifupa itakaza. Una ukweli. Kutembea na kupiga mabawa huimarisha mifupa, na jua likipiga ngozi ya miguu humtengenezea vitamini D, ambayo bila hiyo kalsiamu haifyonzwi sawasawa. Lakini katika Umoja wa Ulaya, ambako vizimba vitupu vya kizamani vimepigwa marufuku tangu 2012, kuku wanaotoka nje wanaendelea kuvunjika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha mwaka 2011 matokeo ya ukaguzi wa kuku waliofikia mwisho wa kutaga. Waliokaa kwenye vizimba vilivyoboreshwa, 36% walikuwa wamevunjika. Waliokuwa huru bandani, wenye fito zilizoning'inizwa juu, 86%. Uhuru umewapa mifupa yenye nguvu zaidi, na ukawapa pia mahali pa kuangukia.

Na wanaumia. Watafiti wa hukohuko Bristol waliwapa dawa ya maumivu kuku waliovunjika mkuku, nao wakashuka kwenye fito upesi kuliko walipokuwa bila dawa. Kuku hapigi kelele, husitasita tu.

Kwa hiyo banda lenyewe ndilo la kuangaliwa kwanza. Fito iliyo usawa wa kichwa cha mtu inampendeza mfugaji anayefagia, si kuku mzito wa mayai. Ishushe, au weka ngazi ya mbao yenye mteremko. Nchini Uswisi jaribio lililochapishwa mwaka 2015 lilionyesha kuwa ngazi za namna hiyo zilipunguza mivunjiko kwa 23%.

Chakula nacho kina saa yake. Chokaa ya unga hupita tumboni upesi. Ya chengachenga, yenye ukubwa wa punje za mtama, hubaki kwenye firigisi ikiyeyuka polepole usiku kucha, wakati kaka linajengwa. Iwekee chombo chake alasiri, maana ndiyo saa ambayo kuku wenyewe huitamani. Makombe ya baharini yaliyopondwa yanafaa vilevile. Tembe ambaye bado hajakaribia kutaga usimpe chakula cha watagaji. Kalsiamu nyingi mapema huharibu figo.

Usiku, kuku wakishatulia, ingia na tochi, mshike mmoja mmoja na upitishe vidole viwili katikati ya kifua hadi karibu na tumbo. Mkuku mzima umenyooka. Ukikuta kinundu au mpindo, mfunge kuku huyo uzi mguuni, kisha asubuhi umwangalie anavyoshuka. Akibaki ukingoni mwa fito anachungulia chini huku wenzake wamekwisha kuanza kula, mtengee pa kulala chini kabisa, kwenye pumba.