Chai Iliyofukuliwa Vichakani

Mgeni anayefika Batumi, mji wa bandari wa Georgia ukingoni mwa Bahari Nyeusi, hahitaji mkalimani akitaka chai. Wenyeji nao huiita chai, kwa tamko la Mombasa na Tanga. Inayoletwa mezani ni ya rangi, laini, isiyokwaruza koo, na kuitia maziwa ni kuionea.

Aliyeistawisha ni fundi wa Kichina, Liu Junzhou, aliyewasili mwaka 1893 na kupanda mashamba ya Chakva, karibu na Batumi. Mwaka 1900 chai ya hapo ilitunukiwa medali ya dhahabu katika Maonyesho ya Paris.

Kisha ikaja enzi ya Wasovyeti na kiu yao ya tani. Kufikia miaka ya 1980 Georgia ilikuwa na zaidi ya hekta 60,000 za chai, lakini Moscow ilihesabu uzito. Mashine zilipochukua nafasi ya vidole, vikonyo na majani magumu yalivunwa pamoja na machipukizi. Sifa ya Paris ikapotelea humo, miaka mingi kabla ya mashamba yenyewe kutelekezwa.

Muungano wa Kisovyeti ulivunjika mwaka 1991, na soko likaondoka nao. Mitambo ya viwandani ikauzwa vyuma chakavu. Mchai usipopogolewa hugeuka mti. Huko mkoani Guria, magharibi mwa nchi, miti hiyo ilizongwa na miiba na kangaga hata mpita njia asijue kwamba palikuwa shamba.

Mizizi, hata hivyo, haikufa. Wafufuaji huingia na mapanga na misumeno, wakaukata mchai karibu na ardhi, kisha wakangoja uchipue upya. Mwaka 2016 serikali ilianzisha mpango wa kuchangia gharama za kazi hiyo. Karibu na Ozurgeti, mji wa Guria, na huko mkoani Imereti, wazalishaji wadogo sasa huchuma kwa mkono majani mawili na chipukizi, wakayanyausha, wakayasokota, wakayaacha yageuke rangi ya shaba, ndipo wakayakausha. Udogo huo ndio nguvu yao: kilo chache zilizotunzwa zina thamani kuliko shehena ya vikonyo.

Hata kutelekezwa kuliacha faida. Udongo ulipumzika miaka mingi bila mbolea za viwandani wala dawa, na theluji hupunguza wadudu. Mkulima wa Kericho huchuma mwaka mzima. Mwenzake wa Guria huanza majira ya kuchipua, akamaliza vuli, kisha michai ikalala chini ya theluji.